Land Rover inchi 88, Nyegezi: shajara ya ukarabati kuanzia chesesi

Gari ni Land Rover Series III fupi, ile ya inchi 88 kutoka ekseli hadi ekseli. Injini ni ya petroli, silinda nne, cc 2,286, usukani kulia. Series III zilitengenezwa kati ya 1971 na 1985. Kazi inafanyika uani, Nyegezi jijini Mwanza, chini ya banda la mabati lenye sakafu ya zege. Zana zilizopo ni jeki mbili, stendi nne, cheni bloki iliyofungwa kwenye boriti ya chuma, mashine ya kuchomelea ya vijiti, mashine ya CO2 ya kuazima kwa ajili ya mabati membamba, grenda mbili na kompresa. Lengo ni gari la kutumika kila siku, kwa hiyo uimara unatangulia sura.

Wiki ya 1: ukaguzi

Bodi ya Land Rover ni shahidi wa uongo. Gari la kwanza la aina hii lilipoonyeshwa mwaka 1948, Uingereza ilikuwa bado inagawa chuma kwa mgao baada ya vita, alumini ndiyo ikawa rahisi kupatikana. Ndiyo maana madigadi, boneti, milango na bodi ya nyuma ni vya alumini hadi leo, wakati chesesi, fremu inayobeba gari lote, na ukuta wa mbele, ule unaotenga injini na miguu ya dereva, ni vya chuma. Alumini haishiki kutu nyekundu. Gari linaweza kusimama likiwa na sura nzuri kabisa huku chuma kilichobeba kila kitu kimeliwa kutoka ndani. Kikulacho ki nguoni mwako.

Ukaguzi unahitaji nyundo ndogo, bisibisi ya zamani na tochi. Gonga chesesi kila baada ya sentimita tano, pande zote nne, hasa chini. Chuma kizima kinalia na nyundo inaruka. Kilichooza kinatoa sauti ya boksi la karatasi na nyundo inabaki palepale. Ukipata sauti hiyo, sukuma bisibisi kwa mkono mmoja. Ikipita, eneo lile ni la kukatwa, na kwa kawaida uozo unaendelea sentimita kumi zaidi kila upande kuliko unavyoonekana.

Matokeo ya gari hili: boriti ya nyuma imeoza karibu yote. Mikono miwili ya chesesi inayobeba ukuta wa mbele imeoza, wa kulia zaidi. Reli ya kushoto, yaani boksi refu la chesesi linalotoka mbele hadi nyuma, ina tundu la sentimita 12 juu ya ekseli ya nyuma. Mabakuli ya miguu ya dereva na abiria yameoza, na nguzo za milango zimeoza sentimita nane za chini. Mbele ya chesesi, kuanzia injini kwenda kwenye bampa, ni nzima. Sababu ya mbele kupona inajulikana kwa kila mmiliki wa gari la aina hii: injini inavuja oili, na oili inalinda chuma.

Kwa nini nyuma iwe mbaya hivi wakati Ziwa Victoria ni maji yasiyo na chumvi? Gari la Mwanza halipaswi kuoza kama la Tanga. Majibu ni mawili. La kwanza ni mchanga. Udongo wetu unatokana na mawe ya matale, ni mchanga wa chembe kubwa, na gari linaloingizwa ziwani kuoshwa au kushusha mtumbwi linavuta mchanga huo hadi ndani ya chesesi kupitia matundu yake. Mchanga ukishalala ndani, unashika unyevu kiangazi chote. Kutoka kwenye reli hizi mbili tulitoa ndoo moja na nusu. La pili ni kayabo. Gari lililobeba sangara wa chumvi limenyweshwa maji ya chumvi kila safari, na maji hayo yanachuruzika kwenye maungio ya sakafu ya nyuma moja kwa moja hadi kwenye boriti ya nyuma. Dalili yake ni unga mweupe kwenye maungio, pale alumini inapokutana na chuma. Ukiuona unga huo kwenye gari unalotaka kununua, lala chini ya boriti ya nyuma kabla ya kuongea bei.

Kabla ya spana yoyote: namba ya chesesi. Kwenye Series III imegongwa kwenye chuma kinachoshika springi ya mbele, upande wa kulia. Safisha kwa brashi laini na thina, usitumie grenda. Ilinganishe na kadi ya gari, ipige picha, halafu ifunike kwa grisi na tepu hadi mwisho wa kazi. Ukiisaga au ukichomelea juu yake, umejitengenezea kesi ambayo hakuna fundi wa kuitengeneza.

Wiki ya 2 na 3: kuvua bodi

Bodi ya Land Rover imefungwa kwa bolti, kwa hiyo inavuliwa kipande kwa kipande bila kreni. Watu wawili wanatosha. Kinachopoteza muda ni bolti zilizoshikana, na kinachoharibu kazi ni spana za milimita.

Bolti nyingi za gari hili ni za inchi. Ile ya unene wa inchi 5/16 ina kichwa cha nusu inchi, yaani milimita 12.7. Spana ya 13 inaingia, inashika kidogo, halafu inalamba pembe. Uzi nao ni mtego. Bolti ya M8 ni nene kwa sehemu ndogo sana kuliko ya 5/16, inaingia nyuzi mbili tatu kisha inagoma, na ukiilazimisha umeng'oa uzi wa ndani. Tenga kopo la bolti za inchi na kopo la bolti za milimita, na nati yoyote usiyoijua ijaribu kwanza kwa vidole.

Kwa zilizoshikana, tunachanganya oili ya giaboksi ya otomatiki na asetoni sawa kwa sawa, tunapaka jioni na kurudia asubuhi. Zikigoma, pasha nati kwa gesi hadi iwe nyekundu iliyofifia, iache ipoe kidogo, gusisha mshumaa. Nta inanyonywa na uzi na nati inafunguka. Usifanye hivyo karibu na tangi la petroli. Tangi lilitolewa siku ya kwanza, likamwagwa na kupelekwa upande mwingine wa ua.

Riveti za bodi ya nyuma tulizitoboa kwa drili ya milimita 5. Mpya ziwe za alumini. Riveti za chuma kwenye bati la alumini ni mwanzo wa unga mweupe mwingine.

Wiki ya 4 hadi 7: chesesi

Hapa ndipo gari linapookolewa au kuharibiwa kabisa, kwa hiyo wiki nne si nyingi.

Chesesi ya Land Rover ni boksi: mabati manne yenye unene wa milimita 2 hivi yaliyochomelewa kwenye pembe. Ukikata boriti ya nyuma bila kufunga kitu, reli mbili zinafunguka au kujibana kwa milimita kadhaa, na bodi haitarudi kukaa. Kwa hiyo kwanza chesesi iwekwe kwenye stendi nne na kulazwa sawa kwa pima maji. Tulitumia mpira wa maji, ule wa mafundi wa ujenzi, kwa sababu pima maji fupi inadanganya kwenye urefu huu. Kisha tukachomelea vyuma pembe viwili vya milimita 40 kutoka reli hadi reli, na kimoja cha mshazari. Halafu tukapima pembe kwa pembe, kutoka tundu la springi la mbele kulia hadi la nyuma kushoto, na kinyume chake. Kabla ya kukata tofauti ilikuwa milimita 2. Hicho ndicho kipimo cha kurudi nacho.

Boriti mpya ya nyuma tulikunja kutoka bati la milimita 3 kwenye mashine ya kukunjia Nyakato, nene kuliko ya asili kwa sababu gari litavuta trela ya mtumbwi. Ilikatwa pande za mwisho ili reli ziingie ndani sentimita 5, zisikutane uso kwa uso. Kiungo cha uso kwa uso kinapasuka palepale pembeni mwa mshono.

Kuchomelea bati la milimita 2 kwa kijiti cha 2.5 ndilo kosa linaloonekana kwenye chesesi nyingi zilizowahi kutengenezwa. Moto unakuwa mwingi, bati linatoboka, fundi anajaza tundu kwa madonge, na donge linaonekana imara wakati pembeni yake bati limebaki jembamba kama karatasi. Tulitumia vijiti vya milimita 2 kwa ampea 50 hadi 60, mishono ya sentimita 3, kuruka upande mwingine, kuacha ipoe hadi mkono uweze kushika, kurudi. Jioni umeme ukipungua moto unakuwa baridi na mshono unakaa juu bila kuzama, kwa hiyo mishono ya kubeba uzito tuliifanya asubuhi. Mmoja haukutoka vizuri, kwenye mkono wa kulia: ulionekana laini, lakini tulipougonga kwa tindo uliachia kwa kipande. Ulisagwa wote na kurudiwa. Gonga kila mshono kwa tindo ungali bila rangi.

Kiraka kisiwe cha mraba. Pembe kali inakusanya mkazo, na ufa unaanzia hapo. Tundu la reli ya kushoto lilikatwa hadi chuma kizima, likajazwa kwa bati lililokatwa umbo lilelile na kuchomelewa usawa mmoja, kisha juu yake likawekwa kiraka chenye ncha mbili, kama jani la mwembe, cha urefu wa sentimita 30.

Baada ya vyuma pembe kukatwa, tofauti ya pembe kwa pembe ilikuwa milimita 3. Inakubalika. Bodi ina nafasi ya kusogezwa zaidi ya hapo.

Ukuta wa mbele ulifanyiwa kazi ukiwa umefungwa kwenye chesesi, mlango ukiwa kwenye bawaba. Ukichomelea nguzo ya mlango ukuta ukiwa mezani, mlango hautafunga. Mabakuli ya miguu yalikatwa na kutengenezwa upya kwa bati la milimita 1.2 kwa mashine ya CO2, nukta kwa nukta kila sentimita 2, kisha kujaza katikati. Ukivuta mshono mrefu kwenye bati hili linajikunja kama chapati.

Kuzuia kutu ndani ya boksi. Uswahilini kinga maarufu ni oili chafu. Hatuitumii. Imejaa asidi za moshi wa injini, inalainisha bushi za mpira, na inashika vumbi ambalo nalo linashika maji. Tuliyeyusha kilo moja ya nta ya nyuki ya Tabora ndani ya lita 4 za oili mpya ya gia namba 90, sufuria ya ndani ikikaa kwenye sufuria ya maji ya moto, mbali na moto wa wazi. Ikiwa bado vuguvugu ilipulizwa ndani ya reli kwa mrija wa kompresa wenye ncha iliyotobolewa pande nne, huku mpira ukifunikwa. Siku ya kwanza ilichuruzika, siku ya tatu ilikuwa ngozi laini isiyoshika mchanga. Matundu ya chini ya kutolea maji yalizibuliwa kwa waya baada ya hapo. Mengi huzibwa na rangi, kisha maji yanakaa ndani kama kwenye mtungi.

Nje: brashi ya waya hadi chuma cheupe, praima yenye zinki kanzu mbili, rangi nyeusi ya chesesi kanzu mbili, lita 3 kwa jumla.

Wiki ya 8: springi na ekseli

Springi za pande mbili hazifanani. Upande wa dereva kuna dereva na tangi, kwa hiyo springi yake ina mkunjo mkubwa zaidi. Ukizibadilisha pande, gari linainama upande mmoja na watu wanalaumu chesesi. Majani ya springi yalifunguliwa, yakasuguliwa, yakapakwa grisi yenye grafaiti, yakafungwa.

Bolti za springi zikazwe mwisho gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, pamoja na injini. Ukikaza wakati ekseli inaning'inia, mpira wa bushi unakamatwa ukiwa umepinda, na kila kilomita unaendelea kupindishwa. Bushi inakufa ndani ya miezi badala ya miaka.

Ekseli ya mbele: matufe ya chuma yanayogeuza magurudumu yalikuwa na vidonda vya kutu kwenye kromu, ndiyo maana oili ilikuwa inamwagika. Vidonda vidogo tulivijaza gundi ya epoksi ya chuma, tukaisugua kwa msasa namba 400 na kumalizia kwa 1000 hadi kucha isishike. Sili mpya. Kila upande unabeba nusu lita ya oili namba 90. Wengi wakichoka na uvujaji wanajaza grisi ya beringi hapa. Grisi haipandi, bushi ya juu inakauka, na usukani unaanza kutetemeka. Difu kila moja ilichukua lita 1.75. Oili ya zamani ya difu ya nyuma ilitoka rangi ya maziwa, maana yake ilikuwa imekunywa maji ya ziwa kupitia tundu la kupumulia. Kabla ya kuzamisha ekseli kwenye maji, iache ipoe. Ekseli ya moto ikiingia kwenye maji baridi inavuta maji kupitia kila sili.

Wiki ya 9: breki

Drami za inchi 10, magurudumu yote manne. Bitana za zamani huenda zikawa na asbesto. Usipulize vumbi lake kwa kompresa. Lowesha, futa kwa kitambaa, tupa kitambaa.

Wili silinda zote nne zilikuwa zimeganda. Kuzing'arisha kwa msasa ni kupoteza muda, mpira mpya unaliwa na tundu lenye vidonda. Zilibadilishwa zote pamoja na masta silinda na mipira mitatu. Mabomba mapya ni ya shaba maalumu ya breki, siyo ya gesi ya friji, ambayo ukuta wake hauvumilii mgandamizo.

Kutoa upepo kwenye breki hizi kuna mbinu moja inayookoa siku nzima: kwanza kaza virekebishi hadi shuu zishike drami kabisa. Pistoni zinabaki ndani na hewa haina pa kujificha. Halafu anza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, la nyuma kushoto kwa gari la usukani wa kulia, malizia na la mbele kulia. Yalitumika mafuta ya breki DOT 4, lita moja na kidogo. Baadaye legeza virekebishi hadi gurudumu lizunguke huru na sauti ndogo ya kugusa.

Breki ya mkono inakamata shafti nyuma ya giaboksi ndogo, ile inayogawa nguvu kwa ekseli za mbele na nyuma, haikamati magurudumu. Ni ya kuegesha tu. Ukiivuta gari likienda, unavunja shafti za ekseli.

Wiki ya 10 hadi 13: injini

Kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda, ilipimwa kabla ya kufungua, injini ikiwa vuguvugu, plagi zote nje, kabureta wazi. Silinda ya kwanza 126, ya pili 124, ya tatu 82, ya nne 122, kwa psi. Kijiko cha oili ndani ya silinda ya tatu: 86. Ringi zingekuwa mbovu kipimo kingepanda sana. Hakikupanda, kwa hiyo ni valvu. Silinda hedi ilipotoka, valvu ya ekzosi ya tatu ilikuwa imeungua kipande cha ukingo, kama biskuti iliyoumwa.

Hapa kuna jambo ambalo mafundi wetu wengi wanalipita. Uso wa ziwa uko karibu mita 1,134 juu ya bahari. Hewa hapa ina mgandamizo pungufu kwa karibu asilimia 12 kuliko Dar es Salaam, na kompresheni inasoma pungufu kwa kiwango hicho hicho. Injini nzima inayosoma 145 pwani itasoma chini ya 130 Mwanza. Ukiifuata namba ya kitabu bila hesabu hiyo, utashusha injini isiyo na ugonjwa. Linganisha silinda kwa silinda. Tofauti ya zaidi ya asilimia 10 ndiyo ya kufuatwa.

Maji nayo hapa yanachemka kwenye nyuzijoto 96 hivi. Kifuniko cha rejeta cha psi 9 kinasogeza hadi juu kidogo ya 110. Kifuniko chenye mpira uliochoka kinakuondolea nyuzi hizo 15 zote, na gari linachemka kwenye mlima huku rejeta ikiwa safi. Badili kifuniko kabla ya kulaumu pampu.

Bloku: nyuma, kuzunguka silinda ya nne, njia ya maji ilikuwa imejaa tope gumu na kutu. Plagi za bati za pembeni ziling'olewa, tope likachokolewa kwa waya wa breki ya baiskeli na kusukumwa kwa maji. Lilitoka kopo la lita moja. Hapa ndipo valvu ya tatu ilipoanzia kuungua: nyuma ya injini haikuwa inapoa, ingawa geji ya joto, inayosoma mbele, ilionyesha sawa.

Silinda zilipimwa: tundu la asili ni milimita 90.47, uchakavu mkubwa ulikuwa 0.06 juu kidogo. Hatukuongeza tundu. Zilisuguliwa mistari ya msalaba, zikawekewa ringi mpya, mwanya wa ncha milimita 0.45. Beringi za krenki ziliwekwa mpya za kipimo cha asili baada ya krenki kupimwa kwa mikromita pande mbili kila shingo.

Valvu nane zilisagwa kwa unga wa kusagia, wa chembe kubwa kisha laini, hadi pete ya kijivu isiyokatika. Jaribio: geuza hedi, mimina petroli kwenye njia za kuingiza na za ekzosi, subiri dakika tano. Ya saba ilitoa jasho, ikarudiwa.

Hedi ilikazwa kuanzia katikati kwenda nje, kwa hatua tatu, hadi nyutoni-mita 88 kwa bolti kubwa. Tapeti, yaani mwanya wa valvu, milimita 0.25 zote, za kuingiza na za ekzosi. Mwanya wa plagi 0.80. Mwanya wa platini, swichi ndogo ya ndani ya distribyuta, 0.38. Mpangilio wa moto 1-3-4-2. Oili 20W-50, lita 6 na filta karibu lita moja zaidi.

Kabla ya kuwasha: plagi nje, stata izungushe hadi geji ya oili ipande. Ilichukua sekunde 25, kwa vipindi. Injini ilipowaka, geji ilisoma psi 48 ikiwa ya moto kwenye mzunguko wa 2,000. Nzuri.

Kabureta, Zenith 36IV: tatizo lake kuu ni uso wa kifuniko cha juu kupinda kwa sababu ya kukazwa kupita kiasi. Mafuta yanapita njia isiyo yake na injini inakohoa ukiachia mafuta. Tandaza msasa namba 400 juu ya kioo cha dirisha, sugua uso wa kifuniko kwa umbo la nane hadi alama za kalamu ulizochora zifutike zote. Mpira wa mduara wa ndani ubadilishwe. Kwa mwinuko wetu mchanganyiko unakuwa mzito kidogo wa petroli. Tuliupunguza kwenye skrubu ya mwendo wa chini tu, tukaacha jeti kubwa ya asili, kwa kuwa gari likishuka pwani jeti ndogo itaunguza valvu upya.

Giaboksi haikufunguliwa. Oili ya zamani haikuwa na vipande vya chuma, sinkronaizi zinashika. Oili mpya ni lita 1.5 kwenye giaboksi kubwa, lita 2.5 kwenye giaboksi ndogo. Kitu kinachofanya kazi kiachwe.

Wiki ya 14: umeme

Waya za asili zina lugha yake: kahawia ni moto wa moja kwa moja kutoka betri, nyeupe ni swichi, kijani ni swichi baada ya fyuzi, nyekundu taa ndogo, bluu taa kubwa, nyeusi ni ethi, njia ya umeme kurudi kwenye betri. Ukiijua, huhitaji kukata wala kuunga waya za rangi yoyote iliyopo dukani.

Taa hafifu kwenye Land Rover ni ethi, mara tisa kati ya kumi, kwa sababu alumini inajivika ngozi isiyopitisha umeme. Tumeweka nyaya tatu nene: betri hadi chesesi, injini hadi chesesi, ukuta wa mbele hadi chesesi. Kipimo cha kuridhika nacho: taa zikiwaka, kati ya ganda la taa na nguzo hasi ya betri pasizidi volti 0.2. Kushoto ilisoma 0.9 hadi tulipokwangua rangi chini ya skrubu.

Wiki ya 15 hadi 17: rangi

Alumini isiguswe na brashi ya waya wala msasa uliotumika kwenye chuma. Chembe za chuma zinazama ndani yake na kuanza kuoza chini ya rangi mpya. Tenga vifaa. Puti nayo isipakwe juu ya praima ya asidi, haishiki vizuri. Utaratibu uliofuatwa: msasa namba 180, puti pale palipobonyea tu, 320, kufuta kwa thina, praima ya asidi kanzu moja nyembamba ambayo bati linaonekana kidogo, praima ya kujaza kanzu mbili, 600 kwa maji, rangi kanzu tatu. Rangi ni ya kuchanganywa na hadina, lita 4. Sumu yake haikamatwi na kitambaa wala barakoa ya hospitali. Inahitaji barakoa yenye filta za mvuke.

Kila mahali alumini inapokaa juu ya chuma kuna ukanda wa mpira mwembamba na sili, na washa za plastiki chini ya bolti. Bila hivyo unga mweupe utarudi hata juu ya rangi ya gharama.

Muda wa kupaka Mwanza ni saa tatu hadi saa tano asubuhi. Kabla ya hapo kuna umande, rangi inatoka na ukungu mweupe. Kuanzia adhuhuri upepo wa ziwani unapanda na vumbi lake. Jioni ni hatari zaidi kwa sababu ya usubi wa ziwani: wingu likija linafuata taa na kila kilicholowa, na hutoka kwa wingi zaidi karibu na mwezi kuandama. Boneti iliachwa nje saa moja jioni ikiwa haijakauka na taa ya banda ikiwaka. Asubuhi ilikuwa na mamia ya mabawa ndani ya kanzu ya tatu. Iliachwa siku nne ikauke, ikasuguliwa kwa 800, ikapakwa tena.

Wiki ya 18: barabarani

Kilomita 40 za kwanza, Nyegezi hadi Usagara na kurudi mara mbili, bila kuzidi kilomita 60 kwa saa. Drami ya mbele kulia iligusa nyuzijoto 95 kwa kipimajoto cha kuelekeza, nyingine tatu 60 hivi. Kirekebishi kililegezwa nusu zamu, zikalingana. Kwenye mteremko wa Bugando breki ya mkono ilishika gari kwa meno manne.

Kilomita 500: hedi imekazwa tena injini ikiwa baridi, bolti mbili zilisogea kidogo. Tapeti ya ekzosi ya tatu imepungua hadi 0.22, imerudishwa 0.25. Itapimwa tena kwenye 1,500, kwa kuwa ikizidi kupungua maana yake kiti cha valvu kinazama. Oili na filta vimebadilishwa. Tufe la kushoto linatoa jasho bila kudondosha. Zimebaki reli za vioo vya mlango wa kushoto, zulia la mpira na geji ya petroli, ambayo inasoma nusu hata tangi likiwa limejaa.